Waziri Aliyesafisha Bwawa

Katika nchi ya Uchina, zama za wafalme wa ukoo wa Song waliotawala tangu mwaka 960 hadi mwaka 1279, watu walizoea kumfuga samaki mmoja wa maji baridi ambaye asili yake ni wa rangi ya kijivu, lakini mara chache, kwa majaliwa ya Muumba, huzaliwa miongoni mwao mmoja mwenye magamba mekundu au ya manjano yenye kung'aa. Waliomwona walimwonea huruma, wakamtia katika mabwawa ya mahekalu ili asiliwe, wakamzalisha kizazi baada ya kizazi. Na makao ya ufalme yalipohamia Hangzhou, katika karne ya 12, samaki huyo akapanda cheo, akawa pambo la bustani za kasri. Huyo ndiye samaki wa dhahabu, ambaye leo ameenea duniani kote. Nchi ninayotaka kuisimulia haikuwa Uchina. Ilikuwa mbali zaidi, ng'ambo ya milima, na jina lake wasimulizi walionitangulia hawakulitaja, nami sitalitaja.

Bwawa la bustani ya mfalme wa nchi hiyo lilichimbwa na babu yake. Halikuwa kubwa, mtu wa mwendo wa kawaida alilizunguka kwa hatua themanini, na katikati maji yake yalimfika kifuani. Lakini lilikuwa na umri, na umri kwa bwawa ni mali. Chini yake tope laini lilikuwa limejilimbika miaka mingi, mayungiyungi yameshika mizizi humo, kandokando matete yamesimama, na juu ya kila jiwe umetanda ukoga wa kijani. Jioni mbu walitaga juu ya maji, na kabla siku nyingi hazijapita viluwiluwi vyao vilikuwa chakula tayari. Mlikuwa na viroboto vya maji visivyozidi ukubwa wa punje ya chumvi, na minyoo myekundu iliyojichimbia topeni, na mayai ya konokono yaliyobandikwa chini ya majani, na machipukizi laini ya magugu, na nzi walioteleza wakaangukia humo. Samaki wa dhahabu hula vyote hivyo. Yeye hana tumbo la kuweka akiba kama tulivyo sisi. Akilacho hupita moja kwa moja kwenye utumbo, na meno yake yako kooni, kwa hiyo hali mlo mmoja mkubwa akalala, bali huchota kidogo hapa, hukwangua kidogo pale, hutafuna, hutema tope, huendelea, tangu jua kuchomoza hadi kuzama. Samaki wa namna hiyo hahitaji sahani, anahitaji malisho.

Humo waliishi samaki thelathini, pengine na wawili watatu zaidi, na idadi yao haikupanda sana wala kushuka sana. Majike walitaga mayai mengi mno kila majira ya machipuo, lakini mengi yaliliwa, na walioyala walikuwa wazazi wenyewe, maana samaki huyu hatofautishi yai lake na tonge. Na vitoto vilivyoponea kwenye mizizi ya matete, vikiwa bado havijapata rangi ya dhahabu, viliwindwa na mabuu ya kereng'ende. Na korongo naye alipita akachukua kodi yake. Waliobaki ndio ambao bwawa liliweza kuwalisha. Mtunza bustani alikuwa bibi mmoja mzee, mjane wa mtunza bustani aliyemtangulia. Siku za joto, jua likikaribia kutua, alizoea kuwarushia konzi moja ya ngano iliyochemshwa, si kwa kuwashibisha bali kuwaita ukingoni, apate kuwatazama magamba na mapezi, ajue nani mzima na nani mgonjwa. Zikipita siku asiende, hapakuwa na aliyekonda.

Mfalme wa tatu alipotawazwa aliteua waziri mpya wa bustani, mtu msomi, mwenye maneno mororo na mavazi meupe, aliyekuwa ametembelea kasri za wafalme wakubwa na kuyaona mabirika yao ya marumaru. Siku ya kwanza alipofika ukingoni alishika pua. Akasema, "Hii ndiyo hazina ya ufalme? Samaki wa rangi ya dhahabu wanachokora matope pamoja na vyura? Wageni wakija watasemaje?" Akakata shauri siku ileile. Wakaletwa vibarua mia wenye makarai na mifagio. Wakayateka maji yakaisha, wakang'oa mayungiyungi na matete, wakazoa tope mpaka wakafika kwenye udongo mgumu, wakawafukuza vyura, wakasugua kila jiwe kwa mchanga, wakatandaza marumaru nyeupe. Bibi alisimama kando akauliza tope lile litapelekwa wapi, akaambiwa jalalani. Siku ya saba wakajaza maji ya kisima, safi hata sindano ikidondoka unaiona ilipolala, wakawarudisha samaki waliokuwa wamehifadhiwa mitungini. Na kwa hakika walipendeza. Kila pezi lilionekana. Mfalme alifurahi, akamvisha waziri joho.

Haikupita wiki, samaki wote wakakusanyika ukingoni, wakapanua vinywa. Waziri hakushangaa wala hakusikitika. Aliona ni fursa. Akaanzisha Nyumba ya Pumba, akaweka karani wa mizani, na mshika upawa, na mbeba mwavuli wa kumfunika mshika upawa, na mwandishi ambaye kazi yake ilikuwa kuhesabu vinywa vilivyofunguka asubuhi na jioni na kuviandika daftarini. Kila pumba zilipomwagwa maji yalichemka kwa mapezi, na waziri akamwandikia mfalme, "Kabla ya ujio wangu samaki hawa hawakumjali apitaye, leo raia wote wa majini wanatukimbilia." Hilo lilikuwa kweli. Hakuandika kwamba zamani hawakukimbilia mtu kwa sababu walikuwa kazini.

Sifa za bwawa jeupe zikavuka mipaka. Wafalme jirani wakaleta zawadi za samaki, huyu wa mkia wa shela, yule wa macho yaliyotokeza, na hakuna zawadi iliyokataliwa, kwani kila samaki aliyeongezeka alikuwa kinywa kimoja zaidi katika daftari la mwandishi, na kila kinywa kilikuwa hoja ya kuongeza magunia. Thelathini wakawa mia, mia wakawa mia nne. Vitoto waliozaliwa baada ya usafi ule hawakuwa wameona jani la yungiyungi maishani mwao. Kwao chakula kilikuwa kitu kinachotoka juu, saa mbili asubuhi na saa kumi na moja jioni, kwa upawa.

Hapo ndipo maji yalipoanza kuugua. Pumba zisizoliwa huoza, na kinyesi cha samaki wengi hugeuka sumu ndani ya maji. Na katika tope, na kwenye mizizi ya magugu, na juu ya mawe yenye ukoga, huishi viumbe wadogo mno wasioonekana kwa macho, ambao huichukua sumu hiyo na kuigeuza mbolea, kisha magugu huila mbolea hiyo na maji yakabaki salama. Viumbe hao walikuwa jalalani pamoja na tope. Kwa hiyo uchafu ulikaa palepale, jua likaupiga, na maji yaliyokuwa kama kioo yakageuka kijani kizito, kwa mwani wa kijani uelea-maji unaonenepa kwa uchafu. Mwani huo mchana hutoa hewa ndani ya maji, lakini usiku huivuta, na ukiwa mwingi alfajiri huyakuta maji hayana pumzi iliyobaki.

Alfajiri moja ya kiangazi mwandishi alifika akawaona samaki mia nne wameelea juu, vinywa wazi, mashavu yakipiga kwa haraka. Kwa kuwa kazi yake ilikuwa kuhesabu vinywa, alihesabu, akageuka kwenda mbio kwa waziri. Bibi akamzuia njiani. "Mwanangu," akamwambia, "hao hawaombi chakula. Hao wanatafuta pumzi. Ukiwamwagia pumba sasa utawamaliza." Kijana yule hakuwa mbaya, naye alimheshimu bibi kwa umri wake, akafungua daftari, akalitazama juu hadi chini, akasema kwa huzuni, "Bibi, daftari langu lina safu ya njaa. Safu ya pumzi halina." Akaenda. Waziri akaamuru upawa wa tatu, wa alfajiri, na siku hiyo hadi adhuhuri wakaopolewa samaki sitini waliogeuza matumbo juu. Katika taarifa ya mwezi iliandikwa kwamba msaada ulichelewa.

Majira ya baridi yalikuja na kuleta nafuu ya namna yake, kwa maana joto la maji likishuka chini ya nyuzi 10 samaki huyu karibu huacha kula kabisa. Hushuka chini, hupunguza mwendo wa damu yake, na huishi kwa mafuta aliyojiwekea mwilini. Waziri hakulijua hilo, na upawa uliendelea kumwaga juu ya maji ambayo hayakuwa na mlaji, mpaka pumba zikatanda chini safu juu ya safu. Barafu ilipoyeyuka harufu ilifika hadi chumba cha mfalme. Bwawa likasuguliwa mara ya pili, kwa bidii kuliko mara ya kwanza, na ukoga mchache uliokuwa umethubutu kushika kwenye marumaru ukaondoka.

Sasa, mwaka ule hazina ya mfalme ilikuwa imepungua, na waziri akarudi kutoka safari nyingine ya ugenini akiwa na elimu mpya. Akasimama barazani akasema, "Ewe mfalme, nimetafakari sana. Samaki wa porini analishwa na nani? Tumewadekeza hawa hata wamesahau fahari ya kujitafutia. Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Naomba Nyumba ya Pumba ifungwe, na samaki wajitegemee." Baraza likapiga makofi, kwa kuwa lilikuwa neno zuri, na mara mbili zuri kwa sababu halikugharimu kitu. Pumba zikakatwa siku ileile, mwanzoni mwa machipuo, majira ambayo samaki huamka na njaa kali na mafuta yao yamekwisha. Pasingechaguliwa wakati mbaya zaidi ya huo hata kama aliyeuchagua angekuwa adui.

Chini ya maji palikuwa na samaki jike mmoja mzee, aliyezaliwa zamani za tope. Aliwakusanya vijana akawaambia, "Wanangu, msikae kuutazama ukingo. Twendeni nikawafundishe kuchunga. Mnainamisha kichwa hivi, mnakwangua ukoga kwenye jiwe." Wakainama pamoja naye, wakakwangua marumaru, midomo ikachubuka. Akawaambia, "Basi tukachokore chini, tutoe minyoo." Wakachokora, wakakuta marumaru. Akawapeleka mahali ambapo kwa kumbukumbu yake palikuwa na matete, wanakojificha viluwiluwi, na hapo palikuwa na ukuta mweupe. Kijana mmoja akamuuliza, "Bibi, huo ukoga ni kitu gani?" Yule mzee akafungua kinywa amweleze, akakosa cha kumwonyesha. Majike walipotaga, mayai hayakufika jioni. Vitoto vichache vilivyoanguliwa vililiwa na wenye njaa, na vilipokwisha, wakubwa wakaanza kutafuna mikia ya wadogo.

Habari za kukonda zilifika barazani, na hapo waziri akatoa hoja aliyoiona ya mwisho. Nyuma ya makaburi ya wafalme, akasema, kuna bwawa lililosahauliwa. Hakuna aliyelilisha kwa miaka thelathini, na samaki wake ni wanene, wenye rangi ya kupendeza, hawamwombi mtu. "Samaki ni wale wale," akasema. "Maji ni yale yale, ya mvua ile ile. Hawa wetu wamekosa nini ila bidii?" Wengi waliosikia waliridhika. Ni hoja ambayo imewaridhisha watu wengi katika nchi nyingi, na mpaka leo husemwa na watu wema, wenye nia safi, ambao hawajawahi kuinama ukingoni kutazama.

Bibi aliomba ruhusa ya kusema. Akapewa kwa sababu ya nywele zake nyeupe. Hakuhutubia, aliomba mabakuli mawili ya kaure nyeupe, na kijana wa mbio. Moja likaletwa na maji ya bwawa la makaburini, pamoja na kishada cha magugu kilichotikiswa ndani yake. La pili likatekwa pale pale kwenye bwawa la marumaru. Yakawekwa mbele ya mfalme, mahali penye jua.

"Mola akuweke, mfalme wangu. Tazama hili la kwanza."

Mfalme akainama. Akaona nukta zikiruka huku na huku, na kiluwiluwi kikijikunja na kujikunjua, na mnyoo mwekundu mwembamba kama uzi, na konokono mchanga akipanda ukingo wa bakuli. Alitazama kwa muda mrefu, maana hakuwa amejua kwamba maji yanaweza kuwa na watu wengi hivyo. Kisha akatazama la pili. Palikuwa na maji. Akaligeuza bakuli kwenye mwanga, akatia kidole, akalitikisa. Hapakuwa na kitu kilichokimbia kidole chake.

"Bwana waziri hakudanganya," bibi akasema. "Samaki wa makaburini wanajitegemea, na ni kweli hawahitaji pumba za mtu. Wako tisa. Tope lao halijaguswa tangu nikiwa kijana, na magugu yao yamejaa hadi ukingoni. Wanajitegemea kwa sababu hakuna aliyewanyang'anya cha kujitegemea. Hawa wa kwetu wako zaidi ya mia tatu katika bakuli la namna hii ya pili. Bwana waziri amesema siku ya tatu tumpe mgeni jembe. Vyema, bwana, na shamba je? Tena hawa si wageni. Hawa ndio waliokuwa wenyeji hapa, na walikuwa na shamba lao, nami nilisimama pale nikaona likipakiwa kwenye makarai."

Waziri alijibu kwamba usafi ulifanywa kwa manufaa yao. Bibi hakubishana na nia yake. Alisema tu kwamba aliyeondoa malisho ana deni la chakula mpaka malisho yarudi, na kwamba kulikata deni hilo kabla ya wakati si kumfundisha mdai kujitegemea.

Mfalme, ambaye hakuwa mtu mpumbavu, ila alikuwa hajaonyeshwa bakuli kabla ya siku hiyo, aliamuru mambo yafanywe kwa mpango wa bibi. Samaki mia mbili na hamsini wakagawanywa katika mabwawa ya mahekalu na ya vijiji, wachache wachache, kila bwawa kwa uwezo wake. Marumaru ya chini yakang'olewa. Makarai yaleyale yakaenda makaburini yakarudi na tope, na mizizi ya mayungiyungi, na matete yenye udongo wake, na kila kishada kilikuja na wakazi wake ndani. Upawa ukarudishwa, lakini mdogo: bibi alimwaga kiasi kinachoisha kabla hajatembea upande mmoja wa ukingo na kurudi, na kama kikibaki kitu siku ya pili alipunguza. Mbu walikuwa wa kwanza kurejea. Ukoga ulishika mawe kabla ya mwisho wa kiangazi. Konokono walionekana mwaka wa pili, pamoja na kereng'ende. Waziri alipoona majani ya kwanza ya kijani aliomba upawa ufutwe mara moja, akitaja hazina, na bibi akakataa, kwa sababu jani moja si malisho. Akaupunguza mwenyewe kidogo kidogo, majira baada ya majira, kwa kutazama migongo ya samaki, na mwaka wa nne akarudi kwenye konzi yake ya ngano ya siku za joto. Yule samaki jike mzee aliishi hadi mwaka wa pili. Vijana wake walijifunza kukwangua kwa kumtazama.

Nyumba ya Pumba ikafungwa kwa mara ya pili, na safari hii hakuna aliyekonda. Mwandishi wa vinywa akapewa daftari jipya, lenye safu ya magugu, safu ya tope, safu ya idadi ya samaki, na safu ya pumzi, naye akawa mtu wa maana sana katika bustani ile.

Waziri hakuadhibiwa. Alihamishiwa bustani ya kusini, yenye mabwawa matatu ya kale yaliyojaa matete, na kabla hajafika huko tayari alikuwa ameagiza marumaru. Msomaji mwenye ndugu kule na ampelekee habari hii upesi, na amwambie walinde tope lao.